Dawa ya Nje

Walinipigia simu Kilwa Masoko asubuhi mapema, ufagio bado uko mkononi, wakaniambia Mwalimu Rukia amefariki Rasbura na kwamba ameacha maneno mawili tu: azikwe karibu na mama yake, na karafuu maiti asage Somoe. Somoe ni mimi. Nilifika Lindi adhuhuri imeshaadhiniwa. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini, maji ya majani ya mkunazi yamechemshwa, sanda imekatwa, kazi yangu tu ndiyo iliyokuwa inangojewa. Binti yake alinipitisha jikoni akanipa kinu cha kaure cheupe, kile kile cha darasani, chenye pengo ukingoni. Nilikijua kabla sijakishika. Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu hapakuwa na kiti, nikaanza.

Karafuu maiti haisagiki kirahisi. Ukiipiga inalala, inanata kwenye mchi kama nta. Darasani tulikuwa tunaidondoshea spiriti, matone machache tu, inavunjika kuwa unga papo hapo. Hiyo ndiyo hila ya kwanza Mwalimu aliyotufundisha. Kwa maiti spiriti haiingii, kwa hiyo unasaga polepole, unakwangua, unasaga tena. Mlangoni alikuja shangazi mmoja mnene, leso kiunoni. "We Somoe, unasaga au unaotesha? Marehemu anangoja." Mwingine akamjibu kutoka uani, "Mwacheni, huyo kafundishwa kusaga na marehemu mwenyewe. Akikosea atazomewa leo leo." Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo. Mimi machozi yalikuwa yananitoka, na sikujua ni ya kulia au ni harufu. Nasema hivyo kwa sababu nataka kuwa mkweli. Harufu ile inatoa machozi hata kwa asiyefiwa.

Kwa nini alinitaka mimi, sijui. Alikuwa na wanafunzi wengi baada yangu, wengine wamekuwa wafamasia wakubwa. Mimi elimu yangu ni darasa la saba na mwaka mmoja wa cheti cha usaidizi wa dawa, mwaka ule alionifundisha yeye. Huenda alitaka kuniheshimu. Huenda alitaka kunikumbusha. Baina yetu neno karafuu maiti halikuwahi kuwa jina la dawa tu. Ninayoandika hapa nayafuata kwenye daftari langu la mwaka ule, maana kumbukumbu zangu nimezikamata mara nyingi zikinipendelea. Pale daftari linaponyamaza, nitasema limenyamaza.

Chumba cha kuchanganyia dawa kilikuwa nyuma ya hospitali, kirefu na chembamba, madirisha ya wavu yakitazama kamba za kuanikia mashuka. Meza moja ya saruji, mizani ndani ya kisanduku cha kioo, chupa za kahawia zimepangwa kwa ukubwa, na ukutani karatasi aliyoiandika Mwalimu kwa mkono wake: ANAYEHARAKISHA ATOKE. Tulikuwa wanafunzi sita. Mchana tulikula hapo hapo kwenye ngazi za nyuma, ugali wa muhogo na kisamvu kutoka jiko la wagonjwa, na siku za bahati pweza. Mwalimu alikula pamoja nasi, amekaa ngazi ya juu yetu, na alikuwa hanywi maji mpaka amalize kula, jambo ambalo Fidelis alilifanyia mzaha kila siku. Fidelis alikuwa kijana wa Kimakonde kutoka bara ya Newala, Mkristo, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, na mimi alinifanya mtani wake tangu siku ya kwanza. "Dada Somoe," alikuwa akisema, "watu wa pwani mnaishi kwa kuogopa. Mnaogopa popo, mnaogopa paka, mnaogopa chupa ya dawa." Nami humjibu, "Ninyi msioogopa kitu mbona mkija mjini mnashikana mikono kuvuka barabara?" Mwalimu anatazama kamba za mashuka kana kwamba hasikii, na pembe ya mdomo inamcheza.

Somo la dawa za kuchua lilikuja baada ya lile la marhamu. Daftari langu lina kurasa nne za somo hilo, mwandiko mzuri kuliko kurasa nyingine zote, nadhani nililipenda. Mwalimu alisema, "Kitabuni mtaona linimenti. Wagonjwa wetu hawana maungo ya kitabuni, wana magoti na viuno. Tutasema dawa ya kuchua." Akatueleza kuwa dawa ile inapasha ngozi moto ili maumivu ya ndani yapungue. Haipakwi penye kidonda wala mchubuko, haifungwi kwa kitambaa cha moto juu yake, maana ngozi itababuka, na mkono uliochua unanawa kwa sabuni kabla haujagusa jicho. Tulitengeneza mbili. Ya kwanza ilikuwa ya karafuu maiti, imeyeyushwa ndani ya mafuta ya karanga yaliyopashwa moto kidogo, chupa imefunikwa, maana kafuri, ndiyo hiyo hiyo karafuu maiti, inapaa hewani ukiiacha wazi. Ya pili ilikuwa ya methili salisilati, robo moja kwa robo tatu za mafuta yale yale. Hiyo ya pili ilinukia pipi. Tulipitishiana chupa kila mtu anavuta pumzi mara mbili. Mwalimu akaichukua, akaweka mbele yake kijiko cha chai, kikavu, kitupu. "Kitazameni," akasema. "Kikijaa hii na mtoto mdogo akainywa, tumemuua. Ile ya karafuu maiti nayo ni sumu, lakini harufu yake inamfukuza mtu kabla haijafika mdomoni. Hii inamwita." Nimeyanukuu maneno yake kama yalivyo daftarini. Kwa hiyo siwezi kusema hatukuambiwa.

Halafu akatufundisha lebo. Kila chupa ya kuchua iandikwe, kwa herufi kubwa, KWA MATUMIZI YA NJE TU. Na kwa kuwa wagonjwa wengi hawakusoma, umsomee kwa sauti, kisha yeye akurudishie maneno. Hiyo ilikuwa kanuni ya Mwalimu mwenyewe, haikuwa kitabuni. "Umwambie, naye akurudishie. Asiporudisha, hajapewa dawa, kapewa chupa." Tulikuwa na karatasi ya vema: mgonjwa akirudia sawasawa, unaweka alama. Mimi nilikuwa na vema nyingi kuliko wote, kwa sababu nilikuwa mvumilivu, au ndivyo nilivyojiona.

Dawa ya karafuu maiti watu waliikataa. Hawakuikataa kwa ugomvi, waliipokea kwa mikono miwili wakashukuru, kisha tukaikuta imeachwa kwenye benchi la barazani. Dirisha langu lilikuwa juu ya benchi lile na niliyasikia yote. Mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, "Nikirudi nyumbani nanuka hivi, mume wangu ataanza kutafuta mwalimu wa kunisalia." Mzee mmoja akasema, "Mimi harufu hii nimemwachia mke wangu kaburini. Siwezi kulala nayo tena." Huku kwetu harufu hiyo ni ya siku moja tu. Hata jina lake lina maiti ndani yake, na lebo yetu ililiandika waziwazi. Fidelis alishangaa. Kwao bara, alisema, walikuwa wanainusa wakiwa na mafua, na bibi yake alikuwa anaweka kipande ndani ya sanduku la nguo.

Siku ile ngazini, tukila, nilisema. Daftari linasema ilikuwa Jumanne na kitoweo kilikuwa dagaa. Nilisema, "Mwalimu, kwa nini tusitoe ile tamu tu? Hii watu wanaiogopa, wanarudi na maumivu yao." Fidelis akasema, "Somoe kasema kweli leo, andikeni." Mwalimu alimaliza kula, akanywa maji, akaondoka. Alhamisi akaingia na kusema kuanzia wiki ijayo tutatoa ile ya methili salisilati kwa wenye magoti na viuno, na lebo isitaje kitu, iandike tu dawa ya kuchua. Nilifurahi. Niliandika, "Mwalimu kanisikiliza." Kwa haki lazima niseme kwamba uamuzi ulikuwa wake, alikuwa na mamlaka na elimu, na dawa yenyewe haikuwa na kosa, mpaka leo inatolewa kila mahali. Na kwa haki hiyo hiyo lazima niseme kwamba asingeliwaza bila mimi. Nimezipima sentensi hizi mbili miaka mingi na bado sijui ipi nzito.

Bi Siwema alikuja wiki ya pili ya dawa mpya, kutoka Milola, na magoti yamevimba kama mafenesi. Alikuwa mkulima wa mikorosho, mkavu, mwenye adabu nyingi, wa wale wanaovua viatu kabla ya kuingia hospitalini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mara tatu. Mgongoni alikuwa na mjukuu wake, Hawa, wa miaka kama mitatu, macho makubwa, kidole mdomoni. Mama wa mtoto, aliniambia, yuko Mtama kwenye biashara ya korosho mpaka msimu uishe. Nilimwandikia lebo kwa mkono wangu, nikamsomea taratibu, "Dawa ya kuchua. Kwa matumizi ya nje tu." Akayatafuna kwanza. "Ya nje," akasema. "Ya nje tu, Bibi." "Nimesikia, mwanangu. Ni dawa ya kuchua, kwa matumizi ya nje tu." Neno kwa neno. Nikaweka vema. Kama nilimwambia pia aiweke mbali na mtoto, nadhani nilimwambia, ilikuwa desturi yetu kusema. Daftari limenyamaza.

Alirudi baada ya majuma matatu kujaziwa chupa. Magoti yalikuwa yamepungua, na usoni alikuwa kama amepungua miaka. Alituletea korosho mbichi ndani ya kikapu. Mwalimu hakuwepo siku hiyo, alikuwa ameitwa ofisini. Nilipompa chupa, Bi Siwema aliishika, akatazama mbingu kupitia wavu wa dirisha, akaniuliza, "Mwanangu, na mvua hizi zinakuja. Itakuwaje?" Nikamwuliza, "Itakuwaje nini, Bibi?" "Dawa. Mvua ikinyesha." Sikumwelewa, na foleni ilikuwa ndefu. Nikasema, "Mvua haina neno, Bibi. Endelea hivyo hivyo." Akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyepewa mzigo akaukubali. "Haya. Nitaendelea hivyo hivyo." Alipotoka Fidelis akasema, "Anadhani dawa yako itaota kutu." Tukacheka. Yapo yote daftarini, pamoja na kutu. Niliyaandika kama kichekesho cha siku.

Mvua zilipoanza kweli, habari ilikuja na muuguzi mmoja aliyekuwa na ndugu Milola. Yule mjukuu wa Bi Siwema amefariki. Homa kali, alisema, kutapika, na pumzi za haraka kama aliyekimbia. Walimfikisha zahanati, wakamtibu malaria na kifua, mtoto hakufika adhuhuri. Siwalaumu wale wa zahanati. Msimu ule kila mtoto alikuwa na homa, na nani angefikiria kuuliza habari za dawa ya magoti ya bibi. Mwalimu alikuwa anapima unga mizanini. Aliacha mkono hewani. Aliuliza mambo mawili tu, jasho, na kama mtoto alilalamika masikio kuvuma, dalili za mtu aliyeinywa ile dawa tamu. Muuguzi hakujua. Mwalimu akafunga kisanduku cha mizani, akaniambia, "Somoe, chukua mtandio. Twende tukahani."

Msiba ulikuwa mdogo, kama ilivyo misiba ya watoto. Tulivua viatu ukingoni mwa baraza. Na pale barazani, kwenye kijukwaa cha udongo kilichojengwa pamoja na ukuta, pa kukalia mtu akipumzika, urefu wa goti, niliiona chupa yetu. Imefunikwa kifuu cha nazi juu yake ili isinyeshewe. Lebo imeelekea ukutani. Mafuta yalikuwa yamebaki chini ya nusu. Nilifikiri aliyewahi kuiona ni mimi peke yangu mpaka nilipoona vidole vya Mwalimu vimekaza mtandio wake. Tukaingia. Bi Siwema alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka. Wanawake walikuwa wanamliwaza, naye anawajibu kwa upole, kana kwamba ndiye mwenye kuwaliwaza wao. Akamweleza mmoja, sauti ya chini lakini niliisikia, "Mpaka anaondoka alikuwa ananukia ile dawa yangu nzuri. Alikuwa anapenda kukaa nami nikijichua." Kisha akatuona. Akafurahi, kwa kweli alifurahi, akasema kwa wote, "Ndio hawa walioniponya magoti." Mwalimu akapiga magoti kumpa mkono. Akamwuliza taratibu, "Bibi, ile dawa mbona iko barazani?" Bi Siwema akamtazama kama mtu aliyeulizwa kitu kilicho wazi. "Si ya nje, mwanangu? Mlisema ya nje tu. Haijavuka mlango hata siku moja. Hata mvua hii, nilikuwa nakaa pale pale chini ya upenu."

Dawa zote alizozijua maisha yake zilikuwa na miiko yake. Hii isipite juu ya moto, hii isiguswe na mwenye hedhi, hii isilale ndani. Na sisi tukampa ya kwetu, na mwiko wake. Aliushika kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumpa dawa. Na aliponijia kuniuliza mvua itakuwaje, alikuwa ananipa nafasi ya kumwona, na mimi nikaona foleni.

Tulipotoka Mwalimu aliichukua ile chupa chini ya mtandio. Tulitembea mpaka mwisho wa mikorosho. "Huenda ni malaria," akasema. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." "Mtoto aliyekuwa akipakatwa na bibi lazima anukie dawa ya bibi." "Ndiyo, Mwalimu." "Usiseme kitu leo. Leo ni siku yao." Ile leo ilikaa miaka yote iliyobaki. Siku iliyofuata alitukusanya, akasimama bila kukaa, akafuta ubaoni ile sentensi ya matumizi ya nje. Akaandika mpya: YA KUCHUA. USINYWE. WEKA NDANI, JUU, MTOTO ASIPOFIKA. Na ile kanuni yake akaivunja mwenyewe. "Asikurudishie maneno," akasema. "Maneno hata kasuku anarudisha. Mwulize ataitumiaje, ataiweka wapi. Akuoneshe kwa mkono." Hakusema kwa nini. Fidelis aliniangalia, nami nikatazama meza. Nilimaliza mwaka, nikapata cheti, nikapangiwa Kilwa, nikafanya kazi ya dirisha la dawa mpaka nikastaafu. Kila nilipoandika lebo niliandika yale maneno ya ubaoni. Mwalimu tulionana harusini na misibani, tukaulizana afya. Lile swali la mvua sikumwambia kamwe. Yeye alikuwa na sehemu yake aliyoijua, nami nikabaki na yangu aliyokuwa haijui.

Baada ya mazishi nililala Rasbura kwa binti yake, na asubuhi, badala ya kurudi Kilwa, nilikwenda Milola. Sitaki kujisifu kwa hilo. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka kinu, nimeiosha mara nne, na niliona nikirudi nayo nyumbani hivyo haitatoka tena. Daftari nilikuwa nalo mkobani. Nililichukua Kilwa bila kujiuliza la nini.

Bi Siwema alikwishafariki zamani. Nyumba sasa ilikuwa ya bati, lakini baraza lilikuwa lile lile na kile kijukwaa cha udongo kimesakafiwa saruji. Bintiye alikuwa amekaa juu yake, anamenya ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, miguu imenyooka mbele yake kama mama yake alivyokuwa akikaa. Jirani aliyenielekeza alimwita, "Mama Hawa, una mgeni." Mpaka leo anaitwa Mama Hawa. Sikuwa nimelifikiria hilo, kwamba watu wamekuwa wakilitaja jina la yule mtoto kila siku, dukani na kisimani, miaka yote hii.

Alinikaribisha, akanisogezea sahani ya ming'oko na chumvi yenye pilipili. Nilijitambulisha. "Nimesikia msiba wa mwalimu wenu," akasema. "Mungu amrehemu. Alikuwa anakuja hapa." Sikujua. Nikamwuliza alikuwa anakuja lini. "Kwanza baada ya arobaini ya mwanangu. Alikaa hapo ulipokaa, akaniambia kwamba inawezekana ni dawa. Hana hakika, lakini inawezekana. Kwamba ilikuwepo ya karafuu maiti, mtoto asingeisogelea, na ni yeye aliyeiondoa. Na lebo ni yeye aliyeandika. Nilimfukuza. Akaja tena mwaka uliofuata, nikamfukuza. Wa tatu nikachoka, nikampa maji." Akamenya mng'oko mwingine, akauweka upande wangu. "Mama hatukumwambia. Yule mwalimu aliniomba tusimwambie, na hilo peke yake nililikubali siku ile ile."

Nikasema, "Mama Hawa, lebo niliandika mimi." Akaacha kumenya. "Na aliyesema karafuu maiti iondoke ni mimi. Mwalimu alikubali tu." Ningeweza kuishia hapo, na nilitaka. Nikatoa daftari, nikamsomea ule ukurasa, wa korosho mbichi na mvua na foleni, mpaka kutu, maana kama ningeruka kutu ningekuwa nimedanganya. Sauti yangu ilikuwa mbaya. Jirani alipita na ndoo, akasalimu, hakuna aliyemjibu.

Mama Hawa aliutazama upenu. "Aliuliza," akasema.

"Aliuliza."

"Mama alikuwa haulizi watu. Ukimwambia jambo analibeba tu." Akajipangusa vidole kwenye kanga, kimoja kimoja. "Kumbe safari hii aliuliza."

Nilimwambia sikuja kuomba kitu. Akasema hata ningeomba asingejua anipe nini. Hakunifukuza wala hakunipa maji. Ming'oko ilikuwa inapoa. Kisha akajaribu kuinuka, magoti yakamkatalia, akashika ukuta, na nadhani lilikuwa jambo la mazoea ya kazi, nisisingizie wema, nilimwuliza tangu lini. "Tangu masika yale ya nyuma," akasema. "Ni ya mama haya. Kaniachia." Akanitazama mkobani. "Hiyo kazi bado unaifanya?"

Nilikuwa na chupa yangu ya kujichua viganja, niliyoichanganya mwenyewe. Ni ya karafuu maiti, situmii nyingine. Nikamwambia ninayo ila inanuka. Akasema, "Tuingie ndani."

Ndani palikuwa na giza la ubaridi, kitanda, kabati, redio iliyofunikwa kitambaa. Alikaa kitandani. Nilimkagua ngozi kwanza, hapakuwa na mchubuko, nikamchua goti la kulia, kisha la kushoto, kwa mzunguko, bila kukandamiza. Harufu ilipanda ikajaa chumba. Aliinua uso akaivuta.

"Inanuka maiti," akasema.

"Ndiyo."

"Ilitakiwa inuke hivi."

Niliendelea kuchua mpaka mafuta yakaingia yote, nikanawa, nikafunga kifuniko, nikampa chupa. Nilimweleza kama nilivyowaeleza maelfu dirishani kwangu, kisha nikamwomba, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kumaliza, anioneshe ataiweka wapi. Aliinuka kwa magoti yale yale, taratibu, nikajizuia kumshika. Akanyoosha mkono, akaiweka juu ya kabati, akaisukuma kwa ncha za vidole mpaka nyuma kabisa, ukutani, ikawa haionekani. Katika nyumba ile hapakuwa na mtoto.